Nani Alikula Kwenye Matuta Yale

Kaskazini mwa kisiwa cha Santo Antão, kati ya mji mdogo wa Ponta do Sol na kijiji cha wavuvi cha Cruzinha, hakuna barabara ya gari inayofuata pwani. Gari hufika Fontainhas, kijiji cha kwanza, na kukomea hapo. Kinachoendelea ni njia ya mawe iliyochongwa ubavuni mwa majabali, upana wake wa kumtosha punda mmoja na mzigo wake. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni Atlantiki. Ni kilomita kama 15. Mtu mwenye miguu ya kawaida huzimaliza kwa saa 5 au 6, na siku hizi watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuzitembea kwa starehe.

Mimi niliipita mwezi wa Novemba, baada ya kazi ya ukalimani iliyonipeleka Praia, mji mkuu wa Cabo Verde. Kireno nilijifunza Maputo, na ndicho kilichonilisha kwa miaka mingi. Kazi ilipokwisha nilikuwa na siku chache mkononi. Nikaruka hadi São Vicente, nikavuka kwa meli kutoka Mindelo hadi Porto Novo, safari ya saa moja hivi, na kesho yake asubuhi nikajiunga na mwongozaji na wageni wawili Wafaransa, mke na mume wastaafu. Mwongozaji alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Corvo, kijiji cha pili njiani. Jina lake sitaliandika hapa. Nitamwita mwenyeji, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Wageni wenzangu walikuja kwa ajili ya mandhari. Mandhari yapo, na picha hazidanganyi. Lakini tangu hatua za mwanzo macho yangu yalikuwa yakishuka chini, kwenye mawe yenyewe. Yalikuwa meusi, ya volkano, yamepangwa moja baada ya jingine bila saruji, na kingo zimezuiwa kwa ukuta mfupi. Kila mita ya njia ile ni kazi ya mikono. Nikahesabu mawe ya hatua moja, nikayazidisha kichwani, nikaacha. Ndipo nikamuuliza mwenyeji swali lililoniandama siku nzima: nani aliyapanga?

"Njaa," akasema, na akaendelea kutembea.

*

Jibu hilo linahitaji historia kidogo.

Visiwa vya Cabo Verde ni kumi, tisa vina watu, na viko baharini zaidi ya kilomita 500 magharibi mwa Senegali. Wareno walipovifikia katika miaka ya 1450 na 1460 havikuwa na mwenyeji. Mwaka 1462 walianza makazi kwenye kisiwa cha Santiago, mahali panapoitwa leo Cidade Velha, na hapo wakajenga soko la watu. Waafrika walikamatwa katika pwani ya Guinea, wakaletwa kisiwani, wakauzwa kwenda Amerika. Waliobaki waliwekwa mashambani. Watu wa Cabo Verde na lugha yao, Kikrioli, walizaliwa humo, katika kukutana kwa lazima kwa bwana wa Kireno na mtumwa wa Kiafrika. Sisi wa pwani ya upande wa pili wa bara, wenye Bagamoyo na Kilwa zetu, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili.

Santo Antão, chenye kilomita za mraba 779, ni cha pili kwa ukubwa. Kilipata watu polepole kwa sababu ya umbo lake. Kilele chake, Tope de Coroa, kina urefu wa mita 1,979, na upande wa kaskazini mashariki milima imekatwakatwa na mabonde marefu yenye kuta za kutisha. Ila mabonde hayo yana kitu ambacho visiwa vingine vinakitamani: maji. Upepo wa baharini unapogonga vilele hivyo huacha ukungu na umande, na chini ya mabonde chemchemi hutoka. Watu waliosukumwa huko walijenga kuta za mawe ubavuni mwa milima, wakajaza udongo nyuma yake, wakapata matuta ya ngazi. Wakachimba mifereji, wakapanda miwa, magimbi, mihogo na ndizi. Kwenye miteremko isiyofikiwa na mfereji walipanda mahindi na maharage, wakingoja mvua.

Mvua ndiyo kesi. Katika visiwa hivi hunyesha kati ya Julai na Oktoba ikipenda, na miaka mingine haipendi. Njaa ya 1773 hadi 1776, njaa ya miaka ya 1830, njaa ya 1863 hadi 1866: kila kizazi kina yake. Kwetu Tanzania Wagogo waliipa njaa yao ya baada ya Vita vya Kwanza jina, wakaiita Mtunya, na wazee walihesabia umri kwa hiyo. Watu wa Cabo Verde nao wanazo njaa za kuhesabia. Iliyo karibu zaidi, ambayo bado ina watu walioisikia kutoka vinywa vya waliopona, ni ya miaka ya 1940.

Ilikuja mara mbili, 1941 hadi 1943 na tena 1947 hadi 1948. Sensa ya 1940 ilihesabu watu takriban 181,000 visiwani. Sensa ya 1950 iliwakuta wasiofika 151,000. Pengo hilo lina waliohama ndani yake, lakini sehemu kubwa ni makaburi. Ureno haikuwa vitani wakati huo. Meli zilikuwapo. Serikali ya Salazar iliamua tu kwamba visiwa hivyo havikuwa na thamani ya shehena ya mahindi. Februari 1949, huko Praia, ukuta uliwaangukia watu waliokusanyika kungoja chakula cha msaada, na zaidi ya 200 wakafa. Waliokufa kwa ukuta walihesabiwa. Waliokufa mabondeni, mbali na mji, hesabu yao ni ya kukadiria.

Kulikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Meli za kwenda São Tomé zilichukua watu kwa mkataba, wakafanye kazi katika mashamba ya kakao na kahawa. Makumi ya maelfu walikwenda kwa njia hiyo katika karne ya 20. Waliita mkataba, lakini mtu anayechagua kati ya kutia dole gumba na kuzika mtoto hachagui sana. Wimbo ulioifanya sauti ya Cesária Évora ijulikane duniani, "Sodade", chanzo chake ni watu wa São Nicolau waliokuwa wakiondoka kwenda São Tomé. Tunaupiga kwenye harusi zetu Dar es Salaam bila kujua kwamba ni wa kuaga.

*

Fontainhas maana yake chemchemi ndogo. Nyumba zake zimejipanga juu ya mgongo mwembamba wa mwamba, rangi ya waridi, manjano, kijani, na chini yake matuta yanashuka kama ngazi hadi mtoni. Corvo ni kunguru. Formiguinhas ni sisimizi wadogo. Aranhas ni buibui. Cruzinha ni msalaba mdogo. Nilimtafsiria mwenyeji majina hayo kwa Kiswahili, akacheka aliposikia "sisimizi". Alisema linafaa, kwa sababu watu wa Formiguinhas ndivyo walivyo ukiwatazama kutoka juu: wadogo, wameinama, wamebeba.

Kupanda kutoka Fontainhas ndipo alipolieleza jibu lake la asubuhi. Bibi yake, mama wa baba yake, alibeba mawe. Alianza msichana. Serikali ya kikoloni, ukame ulipozidi na ikaona aibu ya watu kufa tena, ilifungua kazi za umma: kujenga njia, kuta, barabara. Mtu alilipwa posho ya kununulia mahindi. Wanawake walikuwa wengi katika kazi hizo, kwa sababu wanaume wengi walikuwa wameshaondoka. Jiwe lilibebwa kichwani. Ukame mkubwa ulioanza 1968 ulipokuja, bibi alikuwa mama wa watoto watano na bado alikuwa akibeba.

Barabara maarufu ya kisiwa hiki, ile ya Corda inayopanda kutoka Porto Novo, ikapita juu kabisa kwenye ukingo wa shimo la volkano la Cova na kushuka Ribeira Grande, nayo ni mawe yaliyopangwa kwa mkono, kilomita kwa kilomita. Hadi mwaka 2009, ilipofunguliwa barabara ya lami ya pwani ya mashariki, ndiyo iliyokuwa njia kuu ya gari kuvuka kisiwa. Wageni huipanda wakipiga picha mawinguni. Sijakutana na kitabu cha watalii kinachosema kwamba ni karatasi ya malipo ya watu wenye njaa.

Hata uhuru ulipokuja, tarehe 5 Julai 1975, utaratibu wa kazi uliendelea, ila kwa sababu tofauti. Nchi mpya ilipokea chakula cha msaada. Badala ya kukigawa bure, serikali ilikiuza sokoni na fedha zake ikazilipa kama mishahara ya kazi za mikono: kuta za kuzuia mmomonyoko, mabwawa madogo, miti, barabara za mawe. Ulikuwa mpango wa kukwepa kuwageuza raia kuwa ombaomba. Bibi wa mwenyeji wetu alibeba mawe chini ya Ureno na akabeba mawe chini ya bendera yake mwenyewe. Nilimuuliza mjukuu kama bibi aliwahi kusema tofauti ilikuwa ipi.

"Alisema jiwe lilikuwa zito vilevile," akajibu. "Lakini mara ya pili walimwita kwa jina."

*

Lazima nieleze kwa nini matuta yale yalinikaa rohoni.

Mama yangu ni Mluguru wa upande wa Matombo. Kwao neno "matuta" si neno zuri. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliamua kwamba milima ya Uluguru inaporomoka kwa sababu wenyeji hawajui kulima, wakaleta mpango wa matumizi ya ardhi. Kila kaya ililazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, kwa vipimo, na asiyechimba alitozwa faini. Waliochimba zaidi walikuwa wanawake, kwa kuwa ndio waliolima. Udongo wa kule ni mwembamba. Ukiuchimba ngazi unaufukia ule wa juu wenye rutuba na kuuleta juu ule mwekundu usioota kitu. Watu walichimba, wakapanda, wakavuna kidogo kuliko mwanzo. Mwaka 1955, mwezi wa Julai, walikataa. Kulitokea vurugu Matombo, askari wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa, ilipata wanachama wengi milimani.

Nimekulia katika hadithi hiyo. Tuta la ngazi, kwangu, ni alama ya amri ya mgeni. Halafu nikasimama Santo Antão mbele ya bonde zima la matuta ya ngazi, mazuri hadi kukosesha pumzi, yaliyojengwa na watu weusi kama mimi, na yanawalisha. Nikajiuliza kama tulikosea.

Nilimsimulia mwenyeji tulipopumzika kwenye kilele kati ya Fontainhas na Corvo. Wafaransa walikuwa mbele kidogo wakitazama bahari. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Hayo ya kwenu, nani alikula?"

Nikasema, hakuna aliyekula. Hayakuzaa.

"Haya yalizaa," akasema. "Lakini uliza vilevile nani alikula."

Kisha akanionyesha bonde kwa fimbo yake, tuta kwa tuta. Ardhi ya mabonde yenye maji, kwa karne nyingi, ilikuwa ya familia chache. Hapo zamani mashamba makubwa yalirithishwa kwa mtoto mmoja tu bila kugawanywa, na sheria hiyo ilifutwa mwaka 1864, lakini umiliki haukutawanyika sana. Wengi walilima kwa ubia: wewe unatoa mgongo, mwenye shamba anatoa ardhi na maji, mavuno mnagawana, mara nyingi nusu kwa nusu. Miwa ilikwenda kwenye kinu kilichozungushwa na ng'ombe, ikawa pombe kali iitwayo grogue, binamu wa gongo letu ila yeye ana leseni. Mwaka wa njaa, miwa ilibaki imesimama yenye maji ya mfereji, na mahindi ya maskini ya juu mlimani yalikauka. Watu walikufa wakiyatazama matuta mabichi.

Nikaelewa kwamba nilichokuwa nimekilinganisha hakikuwa sawa. Nililinganisha ukuta na ukuta. Tofauti haikuwa katika mawe, wala katika maarifa ya kuyapanga. Waluguru nao walikuwa na maarifa yao ya mlima, na Wapare walikuwa na mabwawa na mifereji yao kabla ya Mzungu yeyote kufika na kamba ya kupimia. Suala ni nani anaamua, na mavuno yanaingia ghala la nani.

*

Yupo mtu mmoja aliyeyaona mambo haya mapema kuliko wengi, naye alikuwa bwana shamba. Amílcar Cabral alizaliwa Bafatá, Guinea, tarehe 12 Septemba 1924, kwa wazazi wenye asili ya Cabo Verde. Alikulia visiwani, akasoma sekondari Mindelo. Kutoka Mindelo milima ya Santo Antão inaonekana ng'ambo ya mlango wa bahari kila asubuhi isiyo na vumbi. Njaa ya 1941 ilimkuta kijana. Alikwenda Lisbon mwaka 1945, na katika kozi zote akachagua kilimo. Makala zake za mwanzo, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, hazikuwa za bunduki. Zilikuwa za mmomonyoko wa udongo wa Cabo Verde. Alieleza kwamba ukame ni wa mbinguni, lakini njaa hutengenezwa na watu.

Oktoba 1965 Cabral alikuwa Dar es Salaam, kwenye mkutano wa pili wa umoja wa vyama vya ukombozi vya makoloni ya Ureno. FRELIMO walikuwapo, MPLA walikuwapo. Wengi wetu tunamkumbuka kama mpiganaji wa Guinea aliyeuawa Conakry tarehe 20 Januari 1973, miaka miwili na nusu kabla ya visiwa vyake kupata uhuru. Mimi baada ya safari hii namkumbuka zaidi kama mtu aliyejua kusoma kuta za mawe.

Na si yeye tu. Ponta do Sol, tulikoanzia asubuhi, mwaka 1960 ilipokea mfungwa. Daktari kijana kutoka Angola, Agostinho Neto, alikamatwa Luanda na kuhamishiwa huko, mwisho wa dunia kwa fikra za polisi wa Kireno. Alitibu watu wa pale. Baadaye alihamishiwa Santiago, kisha gereza la Lisbon, akatoroka Ureno mwaka 1962 na kuiongoza MPLA hadi urais wa Angola. Silaha za MPLA za upande wa mashariki zilipita bandari ya Dar es Salaam, na mwaka 1974 Neto mwenyewe alihutubia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uwanja mdogo wa ndege wa Ponta do Sol una jina lake. Haupokei tena ndege. Tarehe 7 Agosti 1999 ndege iliyokuwa ikienda huko ilishindwa kutua kwa sababu ya hali ya hewa, ikageuka, ikagonga mlima, na watu wote 18 wakafa. Siku hizi watoto hucheza kwenye njia yake ya kurukia, kati ya jabali na mawimbi.

*

Kama historia ingeishia 1975, ingekuwa hadithi nzuri ya kuwasimulia wageni. Mwenyeji hakuiachia hapo. Alisema Wafaransa wake huwa hawaulizi, lakini mimi nilikuwa nimeuliza.

Serikali ya uhuru ilitaka kutekeleza aliyoyasema Cabral: ardhi kwa anayeilima. Mwaka 1981 mswada wa mageuzi ya ardhi ulipopelekwa kwa wananchi kujadiliwa, Santo Antão ilichemka. Walioupinga hawakuwa mabwana wakubwa peke yao. Kulikuwa na watu waliokwenda kazini Uholanzi au kwenye meli, wakajinyima, wakanunua vipande vidogo, wakavikodisha kwa jirani wakingoja kurudi uzeeni. Waliogopa kwamba kwa macho ya sheria wao ndio watakuwa bwana asiyekuwapo. Tarehe 31 Agosti 1981 watu waliandamana. Mtu mmoja aliuawa kwa risasi, wengine walikamatwa na kuteswa. Sheria ilipitishwa mwaka uliofuata hata hivyo. Januari 1991, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, chama cha ukombozi kilishindwa, na kikaondoka madarakani kwa amani.

Babu yake mwenyeji alikuwa mlima kwa ubia. Sheria ile ilikuwa ya kumnufaisha yeye. Siku ya maandamano alikuwa barabarani akiipinga, kwa sababu kaka yake alikuwa Rotterdam na kipande kilichokuwa hatarini kilikuwa cha kaka.

"Walitaka kumpa babu ardhi ya nduguye," mwenyeji alisema. "Hawakumuuliza kama anaitaka kwa bei hiyo."

Nilifikiria Matombo tena. Tarehe mbili, Julai 1955 na Agosti 1981, milima miwili, risasi mbili. Moja ilitoka kwa mkoloni, nyingine kwa serikali iliyowashinda wakoloni. Kote kuwili kulikuwa na mtaalamu aliyekuwa na hakika na mkulima aliyesema ngoja kwanza. Sisemi kwamba ni kitu kimoja. Aliyekufa Matombo hakuwa na kura ya kusahihisha kosa la aliyemuua, na watu wa Santo Antão waliipata baada ya miaka kumi. Lakini nilikuwa nimezoea kuweka historia yangu katika safu mbili, amri ya mgeni upande huu na mapenzi ya wananchi upande ule, na njia ile ya mawe ilinivurugia safu.

*

Corvo tulipewa kahawa na mama mmoja mzee ambaye mwenyeji alimwinamia kabla ya kusema neno. Alituuzia pia jibini ya mbuzi. Aliponisikia natoka Tanzania aliuliza kama kuna bahari. Nikamwambia ipo, ila jua huchomoza kutoka humo badala ya kuzama. Akatafakari, akasema basi sisi ndio tunaotumiwa siku ikiwa mpya.

Watoto wake wako Luxemburg na Lisbon. Hilo ni jambo la kila nyumba. Husemwa kwamba Wacabo Verde wa nje ni wengi kuliko wa nyumbani, ukihesabu na watoto wao: Boston, New Bedford, Rotterdam, Lisbon. Fedha wanazotuma ndizo zilizopaka Fontainhas rangi. Njia iliyojengwa ili watu wasife ndiyo waliyoondokea walipopona.

Baada ya Formiguinhas njia inashuka karibu na maji na upweke unaanza. Kisha linatokea bonde dogo lenye kuta zisizo na paa. Ni Aranhas. Hakuna anayeishi. Matuta yapo, mifereji ipo, majani makavu yamekaa mahali pa miwa. Mwenyeji alisema maji yalipungua, vijana wakaondoka, wazee wakafuata au wakazikwa. Mfaransa mume alipiga picha, kisha akashusha kamera na kuuliza kwa upole kama inafaa kupiga. Mwenyeji alimwambia apige, kuta hazina aibu.

Alipokuwa akingoja, alifanya jambo ambalo alikuwa akilifanya tangu asubuhi na mimi nilikuwa sijalizingatia. Jiwe la ukingo lilikuwa limeng'oka, pengine kwa mvua za Septemba. Aliliinua, akaligeuza mara mbili kutafuta uso wake, akalikalisha, akalikanyaga. Nikamuuliza kama analipwa kwa hilo. Akasema analipwa na sisi: wageni wanne kwa wiki, msimu mzima, humtosha kubaki. Njia ikikatika wageni hawaji, na wageni wasipokuja naye ataenda Rotterdam. Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kama mtu anayetaja nauli.

Cruzinha tulifika jua limeinama. Wavuvi walikuwa wamevuta mashua zao juu ya mawe. Tuliletewa cachupa, ambayo ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja kwa muda mrefu, na nikamwambia mwenyeji kwamba chakula hiki kwetu kinaitwa makande na kwamba watoto wa bweni hukichukia. Akasema hata huku. Mbele ya mgahawa Hiace ilikuwa ikipiga honi kutafuta abiria wa kurudi Ribeira Grande. Wafaransa walipanda. Mimi nilimlipa mwenyeji, akahesabu noti, akazigawa palepale mafungu mawili, moja mfukoni na moja kwenye karatasi aliyoikunja. Hilo la karatasi, alisema, ni la mama wa kahawa, kwa jibini ambayo nilidhani nimeshailipa.

Kisha akageuka na kuanza kurudi kwao kwa miguu, kwa sababu kwenda Corvo hakuna gari.